Siku ya Tatu

Nilidhani ni kamba ya kuanikia nguo. Ilifungwa kwenye mwimo wa mlango wa uani, ikapita kando ya mpapai, ikazungushwa mara mbili kwenye mnazi ule mfupi na kuishia kwenye nguzo ya choo. Nilifua kanga zangu mbili nikazianika hapo. Mama alitoka jikoni, akazianua bila kusema neno, akazitandaza juu ya ua wa michongoma kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Nikajisemea labda ni kamba mpya, mkonge mbichi, itatia madoa. Ilikuwa chini mno kwa kuanikia, ilinifika kiunoni, kiasi kwamba kanga ilibidi nizikunje mara nne zisiburure vumbi. Hata hilo halikunishtua.

Hiyo ilikuwa siku ya pili, na mimi ni mtu wa siku mbili.

Kwetu ni Muheza, ndani huko, ukishuka kwenye basi unatafuta bodaboda na kubishana naye bei kwanza. Watu wa Tanga tuna msemo wetu, *waja leo waondoka leo*. Nimeutumia mara nyingi ofisini kuwachekesha wenzangu, bila kugundua kwamba ninayesemwa ni mimi. Nafika Ijumaa usiku, Jumapili mchana nimeshakaa dirishani na kiroba cha machungwa miguuni. Siku moja nilipiga hesabu, na kazi yangu ni hesabu kwa hiyo siwezi kuisingizia kalamu: miaka 19 niliyoishi Dar es Salaam, nikienda nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka na kulala siku mbili mbili, nimelala kwetu usiku usiofika mia moja. Robo ya mwaka. Kuna wapangaji niliokaa nao nyumba moja Tabata kwa muda mrefu kuliko huo.

Mwaka 2024 kulikuwa na sababu ya nyongeza ya kwenda. Idd ya Aprili sikwenda. Nilituma hela, nikapiga simu, nikaweka na picha ya watoto wakiwa wamevaa kanzu kwenye kundi letu la WhatsApp la ndugu wanne. Baba hana simu ya kuonyesha picha. Mama anayo, ila kioo kimepasuka katikati, kila mtu anatokea na nyuso mbili. Kwa hiyo Mei Mosi, ambayo ilikuwa Jumatano, nikaomba na siku mbili mbele yake, nikapanda basi Mbezi alfajiri. Chalinze, Wami, Mkata, Segera. Safari hiyo nimeizoea kiasi kwamba nalala na kuamka Hale, kwenye daraja la mto Pangani, kama mtoto anayejua nyumba yao hata akibebwa usingizini.

Kijana wa bodaboda alinitambua kabla sijamtambua. Alipoona nimekaa vizuri, akasema, "Dada, pole kwa mzee."

"Asante, tumeshapoa," nikajibu.

Sikumuuliza pole ya nini. Pole kwetu ni kama maji ya kunawa, unapewa kabla hujaulizwa una njaa au huna. Niliikunja nikaiweka pamoja na za safari, za jua na za foleni, tukaendelea kuruka mashimo.

*

Mapokezi ya siku ya kwanza nayafahamu hatua kwa hatua. Mama atakuwa amevaa kanga ambayo bado ina harufu ya duka. Baba atakuwa barazani amevaa shati lililopigwa pasi, kofia imenyooka, bakora imeegemezwa ukutani mbali kidogo naye, kama kitu cha mtu mwingine. Nitapiga goti, shikamoo baba, naye ataitikia, "Marahaba mama." Nimebeba jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe mimi ni mama yake, na nikifanya kosa ndipo huniita jina langu la shule. Kuku atachinjwa. Mchuzi utakuwa wa nazi, wali utakuwa wa nazi, na mbaazi juu yake za nazi, mpaka siku hizi nikirudi Dar nafunga zipu ya sketi kwa shida.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, tunamshukuru Mungu."

"Presha, mama?"

"Imetulia."

"Baba, macho?"

"Naona. Nakuona umenenepa."

Tukacheka wote. Baadaye mama alinieleza kwamba mimi ndiye niliyesema, nikiwa bado kwenye geti la miti, "Jamani nimechoka, na unene huu!" Alikuwa amenisikia tu.

Baba alipomaliza chai akasema, "Nishike mkono mama, twende nikakuonyeshe michungwa." Sikumbuki baba kunishika mkono tangu niko darasa la pili. Hakuwa mtu wa kushikana. Alikuwa mtu wa kiwandani, maneno machache, mkono mgumu kama gome. Tukazunguka shamba lote taratibu, mkono wake umeshika wangu juu ya kiwiko, akinieleza mti huu na ule. Kila tulipofika kwenye mchungwa alinyoosha mkono, akapapasa mpaka apate tunda, akalipima kiganjani, akauliza, "Hili limeanza rangi?" Nikasema bado baba, la kijani. "Ee, bado," naye akaitikia, kama mwalimu anayekutahini na jibu analo mwenyewe.

Nusu ya miti hiyo si yake kwa msimu huo. Aliiuza ikiwa maua. Ukienda Muheza msimu wa machungwa utaona malori yamejipanga, mengine ya kutoka Kenya, ukadhani kila mwenye mchungwa ni tajiri. Lakini wengi hela yao wameshaila miezi iliyopita. Mnunuzi anakuja mti ukiwa mweupe kwa maua, mfukoni huna kitu, anakutajia bei ya mti mzima, unakubali. Ikija kuzaa vizuri, neema ni yake. Ikipukutika, hasara ni yake pia, na hilo ndilo neno wanalokutulizia. Baba alinitajia bei aliyouzia kwa sauti ya chini na mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimemtumia pesa Idd, nikadhani zinatosha.

Nilivyolala usiku ule nilikuwa na furaha ya kweli. Nilimwandikia mume wangu kwamba baba amekuwa laini siku hizi, amenishika mkono shamba zima.

*

Nina neno kuhusu salamu zetu, maana tangu siku zile nimekuwa nikilifikiria.

Kiswahili hakikuruhusu kuanza na ubaya. Mtu anaweza kuwa amelazwa, mguu umening'inizwa, ukimuuliza hujambo atasema sijambo. Ukimuuliza habari za kwako atasema nzuri. Ndiyo adabu, na mimi siichukii. Sasa ubaya unakaa wapi? Unakaa baada ya *ila*. "Hatujambo, ila mtoto ana homa." "Nzuri, ila mvua imetuangushia ukuta." Aliyetufundisha kusalimiana alijua kwamba mgeni atakaa, atavua viatu, ataletewa maji, na *ila* itajileta yenyewe kwa wakati wake.

Simu haikai. Kila Jumapili saa mbili usiku napiga, hamjambo, hatujambo, baba hajambo, presha imetulia, watoto wanawasalimu, haya mama usiku mwema. Dakika tatu, wakati mwingine nne. Sijawahi kusubiri *ila*. Kwa kuwa wao hawataki kunisumbua na mimi sitaki kusumbuliwa, tumeelewana vizuri kwa miaka.

*

Alhamisi ndiyo siku ya kamba na kanga. Ilikuwa pia siku niliyokwenda jikoni, kwa maana ya jikoni kwenyewe, lile banda la nje lenye mafiga. Miaka miwili nyuma tulichangishana tukamnunulia mama mtungi mdogo wa gesi ili aachane na moshi. Nikaukuta umefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pana saa ya mezani. Niliutikisa, ulikuwa umejaa. Hajawahi kuuwasha zaidi ya siku ile fundi alipokuja kumwonyesha.

"Unauogopa?"

"Siuogopi. Ukiisha nani atatoa elfu ishirini na zaidi? Kuni naokota."

Na kweli anaokota. Ana miaka 71.

Jioni baba alipata wazee wenzake wawili barazani, wakaanza hadithi za korona. Inabidi niwaeleze wasiotoka kwetu: korona kwa mtu wa Tanga ni mashine, kabla haijawa kitu kingine chochote. Ni ule mtambo mkubwa wa kuchakata mkonge. Majani yanaingia upande mmoja, yanapondwa na kukwanguliwa kwa maji, na upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi nyeupe za kuanikwa. Baba alianza kufanya kazi korona mwaka 1966, kijana wa miaka 21, na akakaa hapo mpaka shamba lilipoanza kupunguza watu. Mwaka 2020 redio ilipoanza kutangaza kwamba korona imeingia nchini, wazee hawa walicheka mpaka wakakohoa. Iingie mara ngapi? Wao wameishi nayo miaka thelathini, na kati ya wenzao kuna iliowaachia vidole vitatu.

Baba anapenda kueleza kwamba mkonge wote ule ulianzia kwetu, na uchache wake ulipoanza. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikapita Hamburg, ikasafirishwa mpaka Pangani, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Sitini na miwili! Kutoka hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi hii ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, ya kwanza duniani. Alipoajiriwa yeye ilikuwa imeshafika kileleni, na kwa maneno yake, "mimi niliingia wakati wa kushuka ngazi." Ikaja nailoni, bei ikaanguka, mashamba makubwa yakawa ya serikali baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha miaka ya tisini yakauzwa tena. Kiinua mgongo chake kilinunua mabati ya nyumba hii, na mabati hayakutosha, upande wa jikoni ukabaki makuti.

Kitu kimoja husema kila mara, na sikukitilia maanani hadi safari hii: katika jani zima la mkonge, singa ni kama sehemu nne kwa mia. Zilizobaki ni maji na uchafu, zinatupwa. "Jani kubwa vile," akasema, akiwaonyesha wenzake kwa mikono, "na cha maana ndani yake ni kiasi hiki." Mmoja wao alimsogezea kikombe cha kahawa, akakigusisha na vidole vya baba kabla ya kukiachia. Nikaona. Nikadhani ni uzee wa wote wawili.

*

Niondoke Ijumaa, tarehe 3 Mei. Begi lilikuwa tayari. Lakini tangu usiku redio ilikuwa ikirudia habari ya kimbunga Hidaya: Mamlaka ya Hali ya Hewa inaonya mikoa ya pwani, boti za kwenda Zanzibar zimesimamishwa, wavuvi wasitoke. Mimi nilitaka kwenda hivyo hivyo, barabara yenyewe haipiti baharini. Baba akaniita kwa jina langu la shule.

Nikabaki.

Kila mtu anajua ile methali ya mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Huwa inasemwa kwa utani, kumwambia mtu amekaa sana. Ijumaa ile saa moja asubuhi mama alikuja mlangoni kwangu, kanga mpya hana, amevaa ile iliyochanika pindo, akanipa jembe. Jembe la kweli. "Kachimbue mfereji wa nyuma," akasema, "mvua ikija yote itaingia chumbani kwetu." Hakukuwa na kuku tena pia. Niligundua baadaye kwamba yule wa Jumatano aliazimwa kwa jirani. Asubuhi hiyo tulikunywa chai ya mchaichai kwa muhogo wa kuchemsha, mchana tukala bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu, na nikagundua jinsi nilivyokuwa na hamu ya bada.

Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeinama, tope limefika kwenye vifundo, wakati mlango wa uani ulipofunguka. Baba alitoka. Hakujua nipo. Hakuwa na kofia wala shati la pasi, amevaa shuka na ndala. Alinyoosha mkono wa kushoto hewani, ukatafuta kidogo, ukapata kamba. Akaishika, akaanza kutembea. Kamba ikawa inapita katikati ya kiganja chake, kwenye mpapai akainamisha kichwa mahali penye tawi, kwenye mnazi akahesabu mizunguko miwili kwa kidole gumba, akageuka kulia. Alipofika kwenye nguzo ya choo akaipiga kofi mara moja, kama unavyompiga mtu begani kumshukuru. Akaingia.

Nilibaki na jembe mkononi. Akarudi vile vile, mkono wa kulia sasa, mpaka mlango ukafungwa.

Nilimfuata mama jikoni. Sikuwa na sauti nzuri. Nilimuuliza tangu lini. Akaendelea kupuliza moto, moshi ukamruhusu kufuta macho bila kueleza.

"Tangu mwaka juzi jicho linapungua. Mwezi wa Ramadhani akaanguka kwenye mtaro, usiku, akienda kutawadha kabla ya daku. Alikaa pale mpaka nilipoamka. Mguu ulivimba wiki tatu."

"Na mimi nilipiga simu kila Jumapili, mama."

"Ulipiga."

"Kwa nini hamkusema?"

"Uliuliza hamjambo. Hatujambo."

Alipopona, akaenda shamba la zamani akaomba singa, akakaa barazani siku nne akasokota kamba ile kwa mikono yake. Mama ndiye aliyefunga mafundo, yeye akielekeza. Ipo nyingine inayoelekea kisimani, ile niliidhani ya mbuzi. Msikitini alikuwa haendi tena alfajiri, isipokuwa siku mbili zile nilipokuwa mgeni, kijana wa jirani akampitia, wakaondoka wamekumbatiana mabega kama watu wanaopiga soga. Na ile pole ya bodaboda ilikuwa ya hapo kwenye mtaro. Kijiji kizima kilijua. Walionyimwa habari ni watoto wake wanne, wenye simu.

*

Ni mtoto wa jicho. Nasema kwa uhakika sasa kwa sababu tulikwenda baadaye akapimwa, lakini hata mimi ningetakiwa kuona ule weupe katikati ya mboni kama ningemtazama usoni badala ya kutazama shati lake. Mama aliamini ni ngozi inayoota juu ya jicho na kwamba haiguswi mpaka ikomae. Wengi wanaamini hivyo, na si wajinga, zamani hata waganga wa hospitali walikuwa wakiwaambia wazee wasubiri likomae. Kumbe si ngozi. Ni ile lenzi iliyomo ndani ya jicho inayopoteza uangavu wake, na siku hizi hakuna haja ya kungoja mtu apofuke kabisa. Inatolewa, inawekwa ya bandia, kazi ya muda mfupi, na mara nyingi mgonjwa analala kwake.

Nikaanza kupekua kila kitu, kama mkaguzi. Dawa za presha za mama nilizikuta kwenye kopo la maziwa ya unga. Ziko nyingi kuliko inavyotakiwa, kwa tarehe ile. Anakunywa *kichwa kikigonga*. Siku kisipogonga anazitunza. Nilimweleza kwamba presha haisubiri kichwa, kwamba ni kidonge kila siku hata ukijisikia mzima. Akasema anajua, walimwambia. Lakini aliwahi kwenda kuzichukua akakuta dirisha la wazee lipo, bango la mpishe mzee kwanza lipo, akapishwa kweli, na alipofika mbele akaambiwa dawa hakuna, kanunue. Tangu hapo anaweka akiba. Sera ya Taifa ya Wazee, ya mwaka 2003, ilisema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, nami nimekuwa nikiisikia ikisomwa kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Mama yangu ameitafsiri kwa kopo la maziwa.

Baba ana binamu yake Wete, Pemba. Tangu 2016 Zanzibar inampa kila mwenye miaka 70 pensheni ya kila mwezi, awe aliajiriwa au alikuwa mvuvi. Huku bara mkulima au kibarua hana kitu cha namna hiyo. "Yeye yuko ng'ambo ya maji tu," baba husema, "tumezaliwa mwaka mmoja." Hasemi kwa wivu. Anasema kama mtu anayeeleza mvua imenyesha shamba la jirani ikaacha la kwake.

Jioni ile nilipigia ndugu zangu, wote watatu kwa pamoja, nikisimama juu ya kichuguu ambako mtandao unapatikana. Kaka yetu mkubwa, aliyeko Mwanza, akasema neno ambalo hata mimi nilikuwa nimeshalisema moyoni: tuwachukue, tuwalete mjini, basi. Nilikwenda kumwambia baba nikiwa nimelipamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huku mimi sioni tu, mama. Huko kwenu nitakuwa kipofu."

Sikuwa na jibu. Nilifikiria nyumba yangu ya Tabata, ngazi tatu za mlangoni zisizolingana, mlango wa geti unaobamizwa, bodaboda zinazopita ukingoni mwa ukuta, watoto wanaoacha viatu katikati ya ukumbi. Hakuna mahali pa kufunga kamba. Ndugu zangu waliponiuliza anasemaje nikawaambia amekataa, na hawakuelewa, wakasema wazee bwana.

*

Kimbunga chenyewe hakikufika kwetu. Jumamosi kilisogea upande wa Mafia na kikaishiwa nguvu. Kusini ndiko walikoumia, mvua ilikata barabara ya Lindi. Sisi tulipata upepo uliopukutisha machungwa machanga ya yule mnunuzi wa maua, na mvua ya siku nzima. Mfereji wangu ulifanya kazi. Naomba hilo liandikwe.

Siku nzima tulikaa ndani, sisi watatu, kitu ambacho sidhani kama kimewahi kutokea, kwani tulikuwa wanne na baba alikuwa kiwandani. Baba akataka tusokote kamba ya tatu, ya kutoka mlangoni mpaka barazani kwa mbele, maana wazee wenzake wakija hupata aibu kusindikizwa. Akanifundisha. Unachambua singa mafungu mawili, unayalaza juu ya paja, unayasukuma kwa kiganja kwenda mbele yajipinde, halafu unayarudisha pamoja yakumbatiane. Kwenda yanajipinda, kurudi yanakumbatiana. Ya kwangu yalifunguka kila nilipoyaachia. Paja liliwasha mpaka usiku. Akashika nilichosokota, akakipitisha vidoleni shubiri kwa shubiri, akasimama pale pale nilipokosea, kila mara.

"Hapa ulikuwa unawaza nini?"

"Kazi, baba."

"Ee. Imelegea."

Tulizungumza habari ya jicho pia, lakini kwa vipande, mvua ikipungua. Hakatai kupasuliwa. Anaogopa yote mawili kwa mara moja. Anataka liwe moja kwanza, kisha aone, akacheka mwenyewe kwa neno hilo. Na isiwe kabla ya machungwa kuisha, kwa sababu ile nusu ya miti aliyobakiza anataka kuiuza yakiwa yameiva, asimame mwenyewe wakati yanahesabiwa. Nilimwambia atahesabuje haoni. Akasema machungwa yakitupwa kwenye tenga yana sauti.

Niliondoka Jumatatu. Mama alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa kiroba. Hakukuwa na machungwa ndani, si wakati wake. Kulikuwa na muhogo, nazi tatu na kile kipande changu cha kamba kilicholegea, sijui kwa nini alikiweka. Kabla bodaboda haijaondoka nilimwambia kijana, "Asante kwa ile pole ya siku ile." Akashangaa, ameshasahau.

Jumapili iliyofuata saa mbili usiku nikapiga.

"Hamjambo mama?"

"Hatujambo mwanangu. Nyie?"

"Hatujambo. Baba?"

"Hajambo. Anasikiliza taarifa ya habari."

"Dawa?"

"Nakunywa. Kila siku."

Hapo ndipo huwa nasema haya mama, usiku mwema. Nikanyamaza. Nilisikia redio kule nyuma, nikasikia mbuzi, nikasikia mama akihamisha simu kutoka sikio hili kwenda lile. Akadhani imekatika, akasema halo? Nikasema nipo, mama. Nikanyamaza tena. Sekunde ni nyingi sana ukizihesabu.

"Ila," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ila huyu mbuzi kaila kamba ya kisimani."

Nyuma yake baba akapaza sauti aseme kwamba ameshaanza nyingine, na kwamba hii ataipaka pilipili.